Ngozi ya Mpanda Farasi Wakati wa Joto: Jinsi ya Kuzuia Michubuko na Kuitibu

Kaskazi inapovuma na joto la Mombasa likafika nyuzi 32 au 33, wapanda farasi wengi hushuka wakitembea kwa kutanua miguu. Ndani ya mapaja panawaka, suruali imegandamana na mwili, na mtu hajui ameumia kiasi gani mpaka ajimwagie maji jioni. Kesho yake anapanda tena, kwa kuwa kazi ni kazi au safari imeshalipiwa, na mahali palipokuwa pamewiva tu panageuka kidonda.

Hali hii inawapata vijana wanaowapandisha watalii farasi katika fukwe za Diani na Watamu, masaisi wa mazizi ya Nairobi na Arusha, askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi Tanzania, wanafunzi wa mara ya kwanza na hata wapandaji wa siku nyingi. Wengi hunyamaza, kwa sababu penyewe panapouma ni pa kuonea haya: kinena, makalio, chini ya matiti. Wengine wameambiwa kwamba kuchubuka ndiyo ada ya kujifunza kupanda. Si kweli. Michubuko mingi inazuilika kabla hujatia mguu kwenye kikuku, na ile inayotokea hupona kwa siku chache ikitunzwa mapema. Neno langu kubwa kwako ni hili: usingoje kidonda. Ngozi ikianza kuwaka, hapo hapo ndipo pa kusimama na kurekebisha.

Kwa nini ngozi huchubuka

Mambo matatu hukutana: msuguano, unyevu na joto. Ngozi kavu huteleza juu ya nguo bila shida kubwa. Ngozi yenye unyevunyevu hunata. Farasi anapokwenda mchakamchaka hukurusha zaidi ya mara mia kwa dakika, na kila mrusho nguo iliyonata huivuta ngozi ya juu huku ya chini ikibaki mahali pake. Baada ya saa moja tabaka la juu limelika, au limeachana na la chini na katikati pamejaa maji: hilo ndilo lengelenge.

Kisha kuna chumvi. Jasho likikauka huacha chembe za chumvi ambazo husugua kila unapojitikisa. Farasi naye hutoka jasho jingi, lenye chumvi kuliko la binadamu, tena lina protini iitwayo latherini inayolifanya litoe povu jeupe pale mkanda au tandiko linaposugua. Jasho hilo hupenya suruali yako kwenye magoti na mashavu ya miguu. Ukiwa ufuoni ongeza maji ya bahari na mchanga. Ndiyo maana anayeingia na farasi majini kisha akaendelea kupanda na nguo mbichi huumia haraka kuliko wote.

Huna uwezo wa kuzuia joto la mwezi wa Februari, lakini msuguano na unyevu unaviweza. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya hivyo viwili.

Mavazi: anza na mshono

Kabla ya kununua au kuvaa suruali ya kupandia, igeuze nje ndani. Pitisha dole gumba kwenye mshono wa ndani, kuanzia gotini hadi kwenye msamba. Ukihisi ukingo mgumu, na hasa pale mishono minne inapokutana chini ya msamba, jua kwamba hapo ndipo utakapokalia. Jinzi nyingi zina mshono mnene wa namna hiyo, na zikilowa hukawia sana kukauka. Suruali ya kupandia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huwa bapa upande wa ndani, na mishono yake minene imepelekwa nje ya paja. Kama huna, vaa taiti ndefu ya mazoezi inayovutika, inayobana bila kukaba, isiyokunjamana nyuma ya goti.

Nguo ya ndani nayo ina lake. Pamba safi ni nzuri kwa kutembea na kulala, lakini kwenye tandiko hunywa jasho na kubaki nalo. Kwa safari inayozidi saa moja, kitambaa chepesi cha michezo kinachokauka upesi ni bora. Chupi ambayo ukingo wake unapita kwenye mkunjo wa paja hukata kama uzi. Wanaume wavae boksa ndefu ya kubana inayofika katikati ya paja, si ile pana inayojikunja. Wanawake wavae ya kimo hicho hicho bila lesi, na sidiria ya michezo yenye mkanda mpana uliokaa sawa, kwa sababu chini ya matiti huchubuka karibu sawa na mapajani. Wakati wa hedhi pedi yenye mabawa husugua sana. Badilisha kila unapopumzika, au tumia kisodo au kikombe cha hedhi ikiwa umekizoea.

Anayevaa kwa stara hana haja ya kuacha stara. Taiti ndefu ndani, na juu yake kanzu fupi au shati refu lililopasuliwa pande mbili, humwezesha kukaa vizuri bila kitambaa kukusanyika chini yake. Kitambaa kilichokunjamana chini ya makalio huumiza kuliko tandiko gumu.

Miguuni, mikanda ya vikuku hufinya na kukwangua shavu la mguu. Vikinga vya ngozi vinavyofungwa kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti ndiyo dawa yake. Ukivikosa, soksi ndefu za mpira wa miguu zitakusaidia sana. Mikononi, hatamu huleta malengelenge kati ya kidole cha pete na kidole cha mwisho: vua pete, vaa glovu nyembamba.

Tandiko na mkao

Mara nyingi mwenye kuchubuka hulaumu suruali, kumbe vikuku ndivyo vibaya. Vikiwa virefu mno, unavitafuta kwa ncha za vidole na makalio yanayumba huku na huku. Vikiwa vifupi mno, magoti na mapaja yanabanwa. Kipimo cha haraka: simama chini kando ya farasi, weka ncha za vidole pale mkanda wa kikuku unapoanzia kwenye tandiko, kisha nyoosha kikuku kuelekea kwako chini ya mkono. Sehemu ya kukanyagia ifike kwapani. Ukishapanda, ning'iniza miguu bila kukanyaga: kikuku kiguse mfupa wa kifundo. Kisha hakikisha kulia na kushoto ni sawa, maana tofauti ya tundu moja la mkanda hukufanya usugue upande mmoja.

Tandiko lenyewe likuache na nafasi ya vidole kama vinne nyuma ya makalio. Likiwa dogo, ukingo wake wa nyuma utakupiga karibu na kifandugu. Lipitishie kitambaa chenye unyevu kabla na baada ya kupanda, uondoe chumvi iliyokauka, mchanga na mabaki ya sabuni au mafuta ya ngozi. Tandiko lililopakwa mafuta jana na halikufutwa huacha dawa kwenye suruali, na wako watu ambao ngozi yao haiivumilii.

Wapandaji wa masafa marefu wanajua thamani ya kifuniko cha ngozi ya kondoo. Katika mashindano ya Tevis Cup huko California, yaliyoanza mwaka 1955, farasi na mpandaji hukata maili 100, yaani kilomita 160, ndani ya siku moja, wakipita mabonde yenye joto kali. Huko hutaona tandiko lisilofikiriwa wala suruali ya kubahatisha. Manyoya ya kondoo hupunguza msuguano na kupitisha hewa, lakini yasipooshwa hujaa chumvi na kugeuka adui. Kwa wenzetu wa Lamu wanaopanda punda juu ya gunia, kanuni haibadiliki: gunia la plastiki likae chini, na juu yake shuka la pamba lililokunjwa bila matuta.

Kama wewe ni mgeni wa farasi, usione haya kuomba mwendo wa kutembea. Mchakamchaka ndio unaochubua kuliko mwendo wowote, hasa kwa asiyejua kuinuka na kushuka kwa mpigo wa farasi. Dakika tano za mchakamchaka, kumi za kutembea, zitakutosha wiki za mwanzo.

Mafuta au poda?

Kwa safari fupi isiyozidi nusu saa, poda kidogo ya wanga wa mahindi hukausha unyevu. Kwa safari ndefu poda haifai: jasho huikusanya mabonge, na mabonge hayo husugua. Hapo tumia mafuta ya mgando au krimu ya zinki, ile wanayopakwa watoto sehemu ya nepi. Paka tabaka jembamba kwenye mkunjo wa paja, ndani ya mapaja juu, kwenye mstari wa makalio na chini ya mkanda wa sidiria. Paka kwenye ngozi safi na kavu, chini ya nguo inayobana. Rudia kila baada ya saa moja na nusu au mbili. Usipake nje ya suruali wala kwenye tandiko. Utateleza, na huo ni msiba mwingine.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii ni kunyoa. Kinena kilichonyolewa asubuhi na kukalia tandiko mchana huota vipele vyenye usaha kwenye vishina vya nywele. Nyoa siku mbili au tatu kabla ya safari, au punguza kwa mkasi tu.

Saa za kupanda na mapumziko

Panda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, au baada ya saa kumi na nusu jioni. Kwa wa ufuoni, linganisha na maji kupwa, upate mchanga mgumu wa kukanyaga badala ya kulazimika kupita majini. Mchana wa jua kali uwaachie farasi kivuli.

Kila baada ya dakika arobaini na tano, shuka. Tembea ukimwongoza farasi kwa dakika tano mpaka hewa ipite mapajani. Hapo ndipo pa kujikagua. Pakiwaka, pangusa jasho kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, paka mafuta upya. Beba chupi na soksi za kubadilisha. Kuvaa kavu katikati ya safari hufanya kazi kuliko krimu yoyote. Kunywa maji kidogo kidogo, kwa sababu katika joto la namna hii mwili unaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa.

Mara tu unaposhuka

Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua utaamkaje. Vua nguo zilizolowa, usikae nazo ukinywa chai. Oga kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na manukato makali, bila dodoki. Jikaushe kwa kugusagusa na taulo, si kwa kusugua. Kisha vaa kikoi, kanga au dera, ulale bila nguo ya ndani. Suruali na chupi zioshwe siku hiyo hiyo na kusuuzwa vizuri, kwa kuwa mabaki ya sabuni ya unga nayo huwasha. Usivae suruali ile ile mara ya pili bila kuifua, hata kama imekauka.

Tambua ulicho nacho

Tiba hutegemea tatizo, na matatizo haya hufanana machoni. Kwa ngozi nyeusi, usitafute wekundu. Tafuta rangi iliyoiva zaidi, ya zambarau au kijivu, na ulinganishe joto la mahali hapo na upande wa pili kwa mgongo wa mkono.

*Mchubuko* huwaka na kuuma, huanza siku ile ile ya kupanda, na umekaa pale pale nguo au tandiko lilipogusa.

*Harara* ni vipele vidogo vinavyochoma kama sindano, mgongoni, kifuani au chini ya kofia ya kupandia, pale jasho liliposhindwa kutoka.

*Fangasi za mapajani* huwasha zaidi ya kuuma. Zina ukingo ulioinuka na unaotanuka siku hadi siku, na hazipungui hata ukipumzika. *Choa* ni ndugu yake, hutokea kwenye miguu na mikono, na farasi mwenye choa anaweza kukuambukiza; vivyo hivyo blanketi na mikanda ya kuazimana.

*Jipu au kipele chenye usaha* kwenye makalio hutokana na kishina cha unywele kilichobanwa na kuingiwa na vijidudu.

Namna ya kutibu

Mchubuko usiopasuka: osha, kausha, paka mafuta ya mgando au krimu ya zinki asubuhi na usiku. Kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi, dakika kumi, hupunguza moto. Pumzika siku mbili.

Mchubuko unaotoa majimaji: osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni laini, paka mafuta ya mgando, funika kwa shashi isiyogandia kidonda. Badilisha kila siku au ikilowa. Usiweke poda juu ya ngozi iliyo wazi.

Lengelenge: liache. Ngozi iliyolifunika ni bandeji bora kuliko utakayoinunua. Kama ni kubwa na linakuzuia kutembea, nawa mikono, safisha mahali hapo, toboa ukingoni kwa sindano mpya iliyofungwa kiwandani, bonyeza taratibu maji yatoke, na usiichune ile ngozi ya juu.

Harara: poza mwili. Oga maji ya baridi, vaa nguo pana, kaa penye upepo. Usipake mafuta mazito, yataziba zaidi. Osha vitambaa vya ndani ya kofia, na uvae chini yake kitambaa chembamba cha pamba. Kofia yenyewe usiiache kamwe.

Fangasi na choa: krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mara mbili kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee hata baada ya muwasho kuisha. Wengi hurudiwa kwa sababu waliacha siku ya tano.

Muwasho wa mzio, kwa mfano wa dawa ya wadudu ya farasi au mafuta ya tandiko: ondoa chanzo kwanza. Krimu ya hidrokotisoni ya asilimia 1 yaweza kutumika kwa siku chache, zisizidi saba, kwenye ngozi isiyopasuka.

Usifanye haya

Usipake spiriti, ndimu, dawa ya meno wala dawa ya kuua vijidudu isiyochanganywa na maji. Huunguza ngozi iliyokwisha jeruhiwa. Usijitibu kwa kuoga baharini ukiwa na kidonda wazi. Jihadhari sana na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa jina la "dawa ya kila kitu", zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki katika tyubu moja. Siku mbili za mwanzo hutuliza muwasho, kisha huificha fangasi ikaenea, na kuifanya ngozi ya kinena iwe nyembamba na kupasuka upesi. Na alama nyeusi zinazobaki baada ya mchubuko zitafifia zenyewe kwa wiki au miezi. Mkorogo usiusogeze hapo.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Nenda siku hiyo hiyo ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe unaotanuka, mistari inayopanda mguuni, homa, au mtoki kwenye kinena. Nenda mapema zaidi ikiwa una kisukari au kinga dhaifu. Nenda pia ikiwa kinena au sehemu za siri zimekufa ganzi na ganzi haiondoki baada ya mapumziko, au jipu linakua karibu na njia ya haja kubwa.

Kuna jambo moja ambalo kila anayeishi na farasi anapaswa kulijua. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na kinyesi cha farasi. Ngozi iliyochubuka zizini ni mlango ulio wazi. Uliza tarehe ya chanjo yako ya mwisho. Baada ya dozi za msingi, nyongeza hutolewa kila miaka 10, na kwa kidonda kichafu huenda ukahitaji ya ziada ikiwa imepita miaka 5.

Kurudi kwenye tandiko

Usihesabu siku, jaribu ngozi. Iwe imefunga na haitoi maji. Uweze kukaa kwenye kiti kigumu na kutembea kwa taiti bila kuhisi moto. Kisha rudi kwa dakika ishirini za mwendo wa kutembea, ukague, na kesho yake uongeze.

Neno la mwisho ni kwa wenye mazizi na wakuu wa vikosi. Mfanyakazi aliyechubuka hasemi, lakini mwili wake unasema. Anaegemea upande usiouma, anakaza goti moja, na uzito wake wote unaangukia upande mmoja wa mgongo wa farasi. Ukiona farasi ana jeraha upande mmoja tu chini ya tandiko, usiangalie tandiko pekee; muulize aliyempanda, faraghani na kwa heshima. Mpangie kazi ya chini kwa siku tatu: kulisha, kusugua, kuosha mikanda. Weka zizini maji safi, sabuni, mafuta ya mgando na mahali pa kubadilishia nguo. Gharama yake ni ndogo, na anayejua kwamba hatachekwa atakuambia siku ya kwanza ya moto, wakati tiba ingali ya siku mbili tu.